Tuliposema 'tunahamisha' nyimbo, tulipoteza majina

AGOSTI mwaka jana nilikuwa Chekalini, eneo la Lugari katika Kaunti ya Kakamega, kwa ibada ya ukumbusho wa mke wa mjomba wangu. Watu walikuwa wamekwisha kuketi chini ya hema mjomba aliponiita pembeni. "Mwiwa," akaniambia, kwani ndivyo Waluhya wengi wanavyomwita mtoto wa dada, "niwekee ule wimbo wa Mama. Si ni wewe ulizihamisha zile nyimbo kwa kompyuta?"

Ni mimi, naam. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya kijana aliyekuwa akisimamia vipaza sauti, nikafungua orodha. Lo! Mbele yetu palikuwa na nyimbo kama 300, na karibu zote zilikuwa na jina moja: "Track 01", "Track 02", "Track 03", hadi mwisho wa diski, kisha "Track 01" tena. Mahali pa mwimbaji paliandikwa "Unknown Artist", yaani mwimbaji asiyejulikana. Tukajaribu kufungua moja baada ya nyingine. Nusu zilikataa kabisa kufunguka. Zilizofunguka hazikuwa na wimbo wa Mama. Pasta akakohoa, ibada ikaanza bila muziki.

Msomaji, katika safu hii nimewahi kujigamba mara nyingi kuwa najua thamani ya neno. Leo nataka kukiri jinsi mwalimu huyo wa lugha alivyozika majina ya nyimbo 300 kwa mikono yake mwenyewe. Sidhani kuwa kosa hili ni langu peke yangu. Katika miaka ya 2000, nyumba nyingi za Kenya zilitoa nyimbo kwenye CD zikaziingiza kwenye kompyuta, na wengi wetu tulichagua programu ya kazi hiyo kwa swali moja tu: ipi ina haraka? Historia inaonyesha kuwa hilo lilikuwa swali dogo kuliko yote.

Kwanza, nyimbo zenyewe. Lugari ni nchi ya wahamiaji. Wakati wa ukoloni ardhi hii ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kuanzia miaka ya mapema ya 1960 serikali iliyanunua mashamba mengi ya aina hiyo na kuyakata vipande kwa ajili ya wakulima Waafrika. Watu wakaja kutoka Maragoli, Bunyore, Tiriki, Kabras na Bukusu. Ndiyo maana ukisimama sokoni Chekalini asubuhi moja unaweza kusikia lahaja nne au tano za Kiluhya kabla chai yako haijapoa. Kila familia ilikuja na jembe, mbegu na nyimbo zake.

Nyingi ya nyimbo hizo zilikuwa za gitaa kavu, ule mtindo wa magharibi mwa Kenya unaoitwa omutibo. Bingwa wake aliyesifika zaidi ni George Mukabi, aliyefariki 1963. Baada yake walikuwepo wengine, kama vile Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Gitaa mbili, sauti tatu, na chupa ya soda iliyokwaruzwa kwa kipande cha chuma ili kushika mdundo. Kama hujawahi kuusikia mlio wa chupa ile, sina maneno ya kukusaidia.

Nyimbo hizo zilianza kwenye sahani ndogo za santuri, zikaja kanda, kisha CD. Na hapa pana jambo la kushangaza. Rekodi za Abana ba Nasery zilichapishwa upya London na kampuni ya GlobeStyle mwaka 1989. Kwa hiyo muziki wa magharibi mwa Kenya ulisafiri hadi Ulaya, ukarudi Nairobi ndani ya kasha la plastiki. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alinunua CD chache halali za namna hiyo. Nyingine nyingi alizinunua River Road, zile za kuchomwa, zenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Alipostaafu alirudi Chekalini na katoni nzima.

Ngoja niguse neno lenyewe. "Santuri" ni jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu. Mashine ya kuimbisha sahani ilipofika pwani yetu, Waswahili waliipa jina hilo, na baadaye likashuka kwenye sahani yenyewe. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alizaliwa katika Kiswahili msanii wa santuri. Leo kuna wanaoiita CD santuri, na sioni ubaya. Neno limehama kutoka ala hadi mashine, kutoka mashine hadi sahani, kutoka sahani nyeusi hadi diski inayong'aa. Lakini diski hiyo inayong'aa inatofautiana na sahani ya Siti kwa jambo ambalo wengi hatukulijua.

CD ilizinduliwa sokoni 1982 na kampuni za Philips na Sony. Ni duara la sentimita 12. Sauti ndani yake hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa kila upande wa stirio, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. Vipimo hivyo vyote ni vishimo vidogo mno vinavyosomwa kwa mwale wa leza. Dakika moja ya muziki huchukua megabaiti 10 na ushei.

Sasa sikiliza. Kanuni ya awali ya CD ya muziki haikutenga nafasi ya jina la wimbo. Diski inajua ina nyimbo ngapi na kila wimbo unaanza dakika na sekunde gani, basi. Jina la wimbo, la mwimbaji, la mtunzi na mwaka vimo kwenye jalada, kwa wino juu ya karatasi. Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu wa kuongeza maandishi kwenye diski, lakini CD nyingi hazikuutumia. Kwa hiyo unapoitia CD kwenye kompyuta, kompyuta inaona namba tupu.

Wenzetu waliokuwa na intaneti walilipatia dawa tatizo hili miaka ya 1990. Waliunda hifadhidata iliyoitwa CDDB. Programu ilipima idadi ya nyimbo na urefu wa kila mmoja, ikaituma hesabu hiyo kwenye hifadhidata, na kama kuna mtu aliyewahi kuandika majina ya diski hiyo, yalirudi hapohapo. Majina yaliandikwa na watu wa kawaida, kila mmoja akichapa ya diski zake kwa kujitolea. Baadaye CDDB ikawa mali ya kampuni iliyoitwa Gracenote na kuwekewa masharti. Waliokasirika wakaanzisha freedb, iliyokuwa huru kwa wote hadi ilipofungwa 2020. Wengine wakaanzisha MusicBrainz mwaka 2000, ambayo ipo hadi leo.

Umeona tatizo liko wapi? Hifadhidata ya namna hiyo inamjua yule tu ambaye mashabiki wake wana kompyuta, intaneti na muda. Diski ya GlobeStyle ingeweza kupata jina, kwa sababu kuna Mwingereza au Mjerumani aliyeipenda akaketi kuchapa. Diski ya River Road, iliyokusanywa na kijana kibandani, ingepewa jina na nani? Na hata kama lingekuwepo, Desemba ya 2005 sisi Chekalini hatukuwa na intaneti ya kuliulizia. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa 2009.

Basi turudi Desemba hiyo. Nilikuwa nimenunua kompyuta yangu ya kwanza, ya mkono wa pili, na nikaibeba kwa basi kutoka Nairobi nikiwa nimeipakata kama mtoto. Nyumbani kwa mjomba hapakuwa na stima. Tulikwenda sokoni kwa kinyozi aliyekuwa nayo, tukakubaliana bei ya siku, nikaanza kazi. Nilitumia programu iliyokuja na kompyuta, kwa kuwa ilikuwepo. Mjomba aliketi kando yangu akinipa diski moja moja.

"Huandiki majina?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nitaandika baadaye, mjomba. Stima ni ya kulipia."

Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili sikuliona kabisa. Katika programu ile palikuwa na kisanduku kidogo kilichokuwa tayari kimetiwa alama, kikisema nyimbo zilindwe. Nani asiyependa kitu chake kilindwe? Nikakiacha. Maana yake halisi ilikuwa kwamba kila wimbo unafungwa kwa kufuli, na ufunguo unabaki katika kompyuta hiyo moja tu. Siku ya tatu binamu yangu alinunua kichezeo kidogo cha muziki, nyimbo zikagoma kuingia. Rafiki wa kinyozi akatupa programu nyingine, ya bure, iliyotoa nyimbo kwa umbo la MP3. Tukamalizia katoni kwa hiyo. Zile za mwanzo hatukuzirudia, kwa sababu kwenye kompyuta zilikuwa zikicheza vizuri. Stima ni ya kulipia.

Miaka michache baadaye radi iliipiga kompyuta ile. Wanaoishi upande huu wa nchi wanajua radi yetu ilivyo. Fundi aliokoa diski kuu, akanirudishia faili zote bila kukosa hata moja. Nilishangilia mapema. Nusu ya MP3 ilicheza. Ile nusu iliyofungwa iliniuliza ruhusa, na mwenye kuitoa ruhusa hiyo, kompyuta yenyewe, alikuwa ameungua.

Wakati huohuo, kule duniani, vita vya kufuli vilikuwa vimepamba moto. Mwezi mmoja tu kabla ya safari yangu ile, yaani Novemba 2005, Sony BMG ililazimika kuondoa madukani CD zilizokuwa zikiingiza programu ya siri kwenye kompyuta za wateja ili kuwazuia kunakili. Programu hiyo ilijificha kiasi cha kufungua mlango kwa wadukuzi. Mamilioni ya diski yalikuwa yametengenezwa kwa njia hiyo. Mwanamuziki hakufaidika na kufuli hizo, na mnunuzi halali ndiye aliyeumia. Aliyenunua ya wizi hakuguswa.

Sitaki nionekane ninamtetea mwizi. Kenya ina Chama cha Hakimiliki ya Muziki, MCSK, tangu 1983, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Sheria hiyo ilitambua kuwa watu hunakili muziki kwa matumizi yao ya nyumbani, na ikaweka wazo la kumfidia msanii kwa ada inayotozwa vifaa vya kurekodia na kanda tupu. Kwingineko jambo hili limewatatiza hata wakubwa. Uingereza iliruhusu mtu kujinakilia CD yake mwenyewe Oktoba 2014, na mahakama ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Diski za mjomba kutoka River Road zilikuwa na walakini tangu mwanzo, na nakiri hivyo. Lakini kwa baadhi ya nyimbo zile, duka halali la kuzinunua halikuwepo tena.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa programu, maana ndio uliokuwa mikononi mwangu. Mwaka ule wa 2005 kulikuwa na njia nyingi. Umbo la MP3 lilitokana na utafiti wa Taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani. Herufi hizo tatu zilichaguliwa Julai 1995. MP3 huipunguza sauti kwa kutupa sehemu ambazo sikio la binadamu halizisikii vizuri. Kwa kiwango kilichozoeleka cha biti 128,000 kwa sekunde, wimbo wa dakika tatu wa megabaiti 32 hubaki megabaiti tatu hivi. Lakini kilichotupwa hakirudi. Chupa ya soda ya Enos Okola ni miongoni mwa sauti zinazoumia kwanza, kwa kuwa mlio wake ni mkali na wa juu.

Mwaka 2001 lilikuwa limetoka umbo jingine liitwalo FLAC, la bure na lisilo na kufuli, linalokunja sauti kama unavyokunja shati: ukilikunjua, hakuna uzi uliopungua. Huchukua kama nusu ya nafasi ya CD. Watu wengi tuliliepuka tukisema linajaza kompyuta. Hebu tupige hesabu niliyopaswa kuipiga wakati ule. Nyimbo 300 za dakika tatu ni dakika 900. Kwa FLAC ni gigabaiti tano hivi. Kompyuta yangu ya mkono wa pili ilikuwa na gigabaiti 40. Nilibana matumizi ya nafasi ambayo sikuwa na kitu cha kuweka.

Kisha kuna suala la usomaji wenyewe. CD ya muziki ina ulinzi mdogo dhidi ya makosa kuliko CD ya data. Leza ikikuta mkwaruzo na ikashindwa kusoma, mashine hukisia: hutazama kipimo kilichotangulia na kinachofuata, ikajaza pengo. Katika redio ya sebuleni hilo ni jambo jema, wimbo haukatiki. Katika kunakili ni hatari, kwa sababu makisio yanakuwa kumbukumbu ya kudumu. Mjerumani Andre Wiethoff alitoa mwaka 1998 programu ya Exact Audio Copy, inayosoma kila kipande cha diski zaidi ya mara moja, ikalinganisha, na ikikuta tofauti ikarudia tena na tena, kisha ikakwambia wazi mahali iliposhindwa. Watumiaji wa Linux walikuwa na cdparanoia, yenye imani hiyohiyo. Programu hizi zilikuwa za polepole. Watu wa haraka, mimi nikiwemo, tulizicheka.

Kwa hiyo kila programu ilikuwa imejibu maswali manne kwa niaba yako, hata kama hukuyauliza. Je, itasoma kwa uaminifu au itakisia na kunyamaza? Je, itatunza sauti yote au itapunguza? Je, faili itafunguka kesho, kwenye mashine nyingine, bila kuomba ruhusa ya mtu? Na je, wimbo utaitwa nani? Mimi nilijibu la tano: itamaliza saa ngapi?

Lakini hata hapo nilikuwa na njia ya kurudi. CD zilikuwepo. Kilichoifunga njia hiyo kilikuwa neno, na hapa ndipo kisa hiki kinapoingia katika safu ya lugha.

Kwa Kiingereza tendo hili huitwa kwa kitenzi chenye maana ya kurarua au kuchana, kwa kishindo. Apple ilipoitangaza iTunes mwaka 2001 ilitumia maneno matatu ambayo kwa Kiswahili ni rarua, changanya, choma. Mwaka uliofuata Michael Eisner, aliyekuwa akiiongoza Disney, alililalamikia tangazo hilo mbele ya maseneta wa Marekani, akiona linachochea wizi. Sisi tulichukua "choma" bila taabu, na leo hakuna Mkenya anayestaajabu ukimwambia umechoma CD. "Rarua" hatukuichukua. Wengine walisema "kuripu". Wengine, mimi nikiwa mstari wa mbele, tulisema "kuhamisha".

Neno tamu, rahisi, la Kiswahili safi. Na la uongo. Anayehama huacha nyumba tupu. Mjomba, aliyehama mwenyewe kuja Lugari akiwa kijana, aliielewa lugha yangu kama ilivyo. Nilipomwambia, "Mjomba, nimemaliza, nyimbo zote zimehamia kwa kompyuta," aliamini kuwa katoni ile sasa ina makasha matupu. Hakuona sababu ya kuitunza. Diski zingine aliwapa watoto. Nyingine jirani alizifunga kwa kamba katika shamba la wimbi, zimetemete juani kuwafukuza ndege. Nyimbo zikageuka walinzi wa wimbi. Nilipomuuliza juzi kwa nini hakuniambia, alinitazama kwa huruma. "Si ulisema zimehama?"

Neno tulilohitaji lilikuwepo siku zote: kunakili. Tumelipata kwa Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kubeba kitu kutoka mahali hadi mahali, na pia kupokea maneno ya mtu na kuyafikisha kwa mwingine. Lakini katika Kiswahili tumelipa uzito wake wenyewe. Anayenakili ana kitu mbele yake, anakitazama, anakiandika upya, na cha mwanzo kinabaki. Tena kunakili kuna dhamana: mwenye kunakili anaweza kukosea, kwa hiyo hulinganisha na cha asili. Ndivyo walivyofanya waandishi wa mashairi ya kale huko Lamu na Pate, kizazi hadi kizazi. Na ndivyo programu ya Wiethoff inavyofanya. Kama ningesema "nimenakili", mjomba angeuliza, "Na hizi za asili tuweke wapi?" Na pengine mimi mwenyewe ningekumbuka kuwa mwenye kunakili haachi kuandika jina la utungo.

Usiku ule wa ukumbusho, wageni walipopungua, nilifungua zile nyimbo zinazofunguka, nikawaomba wazee wanisaidie. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Ilitupeleka hadi karibu na alfajiri. Nilicheza wimbo, wakasikiliza, wakataja jina, nami nikachapa. Mara ugomvi ukazuka. Bibi mmoja wa Kimaragoli aliuita wimbo kwa maneno ya kiitikio. Mzee wa Kinyore akasema hapana, huo unajulikana kwa jina la mtu anayelaumiwa ndani yake. Wa tatu akasema Nairobi ulikuwa na jina la Kiswahili. Wote walikuwa sahihi. Nikayaandika yote matatu, kwa tahajia ya kila mmoja, na programu ikayakubali. Nafasi ya kuandikia ilikuwepo tangu 2005. Hadi kulipokucha tulikuwa tumezipa majina nyimbo 63.

Wimbo wa Mama haukuwemo. Umo katika ile nusu iliyofungwa. Lakini asubuhi binti wa mjomba alileta bahasha kutoka chini ya sanduku la marehemu mama yake. Ndani mlikuwa na karatasi ya jalada la CD moja, iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu. Mstari wa saba ulikuwa umepigiwa kistari. Ni neno moja, jina la mwanamke. Ni jina la Mama mwenyewe.

Nilibaki kimya. Sisi watoto hatukuwahi kumtaja kwa jina lake, maana mkubwa hatajwi hivyo. Tulisema "Mama" na "wimbo wa Mama", na ndiyo sababu hakuna kijana hata mmoja aliyejua wimbo unaitwaje. Mjomba alijua, ila naye kwa mazoea hakulitamka. Mahali pekee ambapo jina hilo lilikuwa limeandikwa ni karatasi ile, aliyoishika mkononi mbele yangu, kwa kinyozi, aliponiuliza kama siandiki majina. Kwa heshima ileile sitaliandika hapa.

Sasa tuna nyimbo zilizofungwa zisizo na majina, na tuna jina lisilo na wimbo. Lakini mwenye jina hajapoteza kila kitu. Kwa jina unaweza kuuliza. Nimekwisha kuwauliza wakusanyaji wawili wa santuri za zamani Nairobi, na mmoja ameniambia nimpe muda, kuna maboksi hajayafungua.

Nawe msomaji, kama kuna katoni ya CD chini ya kitanda cha mzee wako, usingoje. Diski za kuchomwa hufifia, hasa zikipigwa na jua. Chagua programu inayosoma polepole na kukiri makosa yake. Tunza nakala ya kwanza kwa FLAC, ukitaka ya simu toa MP3 kutoka hapo. Kama kuna kisanduku cha ulinzi, kifute alama. Piga picha ya jalada, mbele na nyuma. Weka nakala mbili katika nyumba mbili, kwa kuwa radi haipigi hodi. Diski yenyewe irudishe ndani ya kasha lake. Na kabla ya yote, mketishe mzee kando yako, umuulize kila wimbo unaitwaje, uandike anavyotamka yeye.

Akikuuliza unafanya nini, mwambie unanakili.